Kuongoza Kikundi Kidogo Kwenye Misheni za San Antonio, Texas: Hatua kwa Hatua

Wageni wakishasema wanakuja Texas, simu zinaanza. Tuanzie wapi? Kiingilio ni kiasi gani? Siku moja inatosha? Alamo ndiyo misheni yenyewe, au ni kitu kingine? Maswali ni yaleyale, na wanaouliza ni wale walioangukiwa na kazi ya kuongoza wenzao: kijana aliyepokea wazazi kutoka Moshi, katibu wa jumuiya ya Wakongo wa hapa hapa San Antonio, mama wa chama anayekuja na wenzake kutoka Houston kwa wikiendi. Mwongozo huu ni wako wewe uliyekabidhiwa kikundi na hujawahi kukiongoza.

Nimeuandika kwa watu sita hadi kumi. Wakizidi hapo sauti yako haiwafikii wa nyuma, na vyumba vya ndani havitoshi. Wakifika ishirini, wagawe mara mbili na utafute kiongozi wa pili.

Unachohitaji kujua kwanza

Misheni ziko tano, zimefuatana kando ya Mto San Antonio kutoka kaskazini kwenda kusini: San Antonio de Valero (hiyo ndiyo Alamo), Concepción, San José, San Juan na Espada. Ya kwanza ilianzishwa 1718, San José 1720. Tatu zilizobaki zilihamishiwa hapa 1731 kutoka mashariki mwa Texas, ambako zilishindwa kusimama. Hispania ilitaka kuwa na watu wake kwenye mpaka huu kwa sababu Wafaransa walikuwa wameshajikita Louisiana, na ilikuwa haina walowezi wa kutosha. Kwa hiyo mapadre Wafransisko waliwakusanya wenyeji asilia, makundi mengi madogo ya wawindaji na wachumaji ambao leo wanatajwa kwa pamoja kama Wacoahuilteco, ili wawe Wakristo, wakulima na raia wa mfalme.

Hayo yanatosha kwa kuanzia. Mengine yaseme mkiwa mbele ya kitu chenyewe.

Jambo moja nakusihi ulishike siku nzima: usiwapeleke watu kuona makanisa matano. Kanisa la tatu likifika, macho yameshachoka na kila ukuta unafanana na mwingine. Wapeleke waone jinsi watu walivyoishi: maji yaliingiaje, chakula kilitoka wapi, nani alilala chumba gani, nani alibeba mawe. Ukifuata maji, misheni zote zinaelezana zenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Maji, chupa mbili kubwa kwa kila mtu. Kuanzia Juni hadi Septemba joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na kivuli ni kichache.
- Kofia, viatu vya kufunga na dawa ya mbu. Ndala ziacheni nyumbani. Kwenye nyasi kuna sisimizi wekundu wadogo ambao kuumwa kwao huacha malengelenge.
- Khanga au mtandio kwa anayehitaji kujifunika kanisani. Hakuna atakayefukuzwa mlangoni, lakini makanisa manne yana waumini wake, na wazee wetu wenyewe hawapendi kuingia na mabega wazi.
- Chakula kisichoharibika upesi: chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, machungwa. Ndani ya misheni hakuna mkahawa.
- Ramani ya karatasi. Inatolewa bure kwenye kituo cha wageni San José.
- Namba za simu za wote, na mtu mmoja aliyechaguliwa kutembea wa mwisho.
- Tiketi za Alamo zenye saa maalumu. Kuingia ndani ya kanisa la Alamo ni bure, lakini nafasi huwekwa mapema mtandaoni.

Kiingilio cha misheni nyingine nne hakipo. Ziko chini ya Hifadhi ya Taifa iliyoundwa na Bunge la Marekani mwaka 1978, na maegesho yake pia hayalipiwi. Alamo iko chini ya jimbo la Texas. Kanisa ni bure, maonyesho na ziara za kuongozwa hulipiwa, na maegesho ya mjini utalipia.

Tahadhari: ukiwatoza watu pesa kwa kuwaongoza, hiyo ni biashara, na hifadhi za taifa Marekani zina utaratibu wa vibali kwa biashara za namna hiyo. Uliza ofisi ya hifadhi kabla hujatangaza bei. Kuchangiana mafuta ya gari na ndugu zako ni jambo jingine.

Hatua ya 1: Chagua siku

Kuanzia Oktoba hadi Aprili ndio wakati mzuri. Siku za katikati ya wiki zina utulivu, unaweza kuongea bila kupaza sauti. Jumamosi harusi ni nyingi, na harusi ikiwapo mlango wa kanisa hufungwa kwa watalii. Jumapili kuna Misa. Kama kikundi chako ni cha Wakatoliki, geuza hilo liwe faida: Misa ya mariachi pale San José, na tarumbeta na gitaa zake, itawapa wageni wako kitu ambacho maelezo yako hayawezi kuwapa. Fikeni mapema, kaeni kama waumini, na simu ziwe mfukoni mpaka Misa iishe.

Siku ya Shukrani, Krismasi na Mwaka Mpya vituo vya hifadhi hufungwa.

Hatua ya 2: Weka mpangilio, na usianzie Alamo

Karibu kila mtu anaanzia Alamo kwa sababu iko katikati ya mji na jina lake ndilo linalojulikana. Nashauri uiache ya mwisho. Pale utakuta umati, maduka, kelele za barabara, na habari zote ni za vita vya 1836, walowezi wa Texas walipopigana na jeshi la Mexico. Mgeni anayeanzia hapo hubaki akidhani misheni zote zilikuwa ngome. Tena kilichobaki pale ni sehemu ndogo ya misheni ya zamani, mji umeimeza.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa siku moja ni huu: San José saa tatu asubuhi, kisha daraja la maji la Espada na Misheni Espada, chakula, San Juan, Concepción alasiri, halafu Alamo kama nguvu bado zipo. Umbali kati ya misheni na misheni ni kama kilomita 4, Espada na San Juan zikiwa karibu zaidi. Kwa gari hakuna safari inayozidi robo saa. Kuna pia njia ya miguu na baiskeli kando ya mto inayoziunganisha, nzuri sana kwa vijana, ila usiwapeleke wazee huko na jua la saa nane.

Hatua ya 3: Kusanyikeni San José, mpeane taratibu

San José ndiyo kubwa kuliko zote na ndiko kuliko na kituo cha wageni. Waache watu waende msalani, wajaze maji, waangalie filamu fupi ya historia. Watoto wachukulie kitabu cha kazi cha askari mdogo wa hifadhi, ni bure. Wakikijaza wanapewa beji. Mtoto mwenye kitabu hicho hakusumbui tena.

Kisha waambie taratibu kabla hamjaingia ndani ya kuta:

- Haturuhusiwi kupanda wala kukaa juu ya kuta. Chokaa ya miaka mia mbili na zaidi inabomoka kwa uzito wa mtoto.
- Haturuhusiwi kuokota kitu chochote, hata kigae kidogo. Ni kosa la jinai katika hifadhi ya taifa.
- Ndege za kupiga picha, zile droni, hazirushwi.
- Mahali kwenye makaburi hapakanyagwi. Na kumbuka kwamba siyo makaburi yote yana misalaba.

Hatua ya 4: Tembeeni San José kwa kufuata ukuta

Hapa ndipo viongozi wapya hukosea. Wakiingia getini wanaliona kanisa limesimama mbele yao, wanalikimbilia, na baada ya dakika kumi hawana cha kusema. Wewe geukia ukutani. Ua wa San José umezungukwa na ukuta, na ndani ya ukuta huo kuna vyumba vimepangana. Hivyo ndivyo vilikuwa nyumba za wenyeji asilia. Wakati wa neema waliishi humu zaidi ya watu 300. Ingia chumba kimoja na kikundi chako chote. Waache waone dari ilivyo chini, moto ulivyowashwa, mlango ulivyo mmoja tu. Nje ya milango wataona majiko ya kuokea yaliyojengwa kwa udongo na mawe. Akina mama wa kikundi mara nyingi watakueleza jiko linavyofanya kazi kabla hujafungua mdomo. Waache waeleze.

Hapo ndipo pa kusema maisha yalivyokuwa: kengele asubuhi, Misa, kazi mashambani, kwenye ufumaji au uhunzi, mafundisho ya dini, lugha ya Kihispania, kengele tena. Watu walikuja kwa sababu Waapache, kabila jingine la wenyeji, walikuwa wakiwashambulia na magonjwa yameshapunguza makundi yao. Ndani ya kuta walipata chakula na ulinzi. Ndani ya kuta hizohizo maradhi yaliwafyeka, ndui ya mwaka 1739 ikiwa miongoni mwa mabaya zaidi, na waliotoroka walifuatwa kurudishwa. Sema yote mawili. Ukiwafanya mapadre malaika umewadanganya wageni wako, na ukiwafanya wenyeji kuwa vikaragosi wasio na akili yao umewadhulumu marehemu. Walichagua viongozi wao wenyewe ndani ya misheni, walijifunza ufundi, na wazao wao bado wako San Antonio, wengine bado wanasali katika makanisa haya.

Baada ya hapo ndipo mwende kanisani. Lilijengwa kuanzia 1768 hadi 1782. Kuba liliporomoka 1874, mnara ukaanguka 1928, na mengi ya mnayoyaona ni kazi ya ukarabati ya miaka ya 1930. Liseme hilo wazi, kwa sababu mwenye macho makali ataona mawe mapya na kukuuliza. Upande wa kusini kuna dirisha la mawe lililochongwa maua, Dirisha la Waridi, la mwaka 1775. Kuna hadithi ya fundi Pedro Huizar aliyelichonga kwa ajili ya mchumba wake Rosa aliyepotea baharini akija kutoka Hispania. Isimulie, ni hadithi tamu, ila ieleze kuwa ni hadithi. Kisha waonyeshe kipande cha ukuta kilichopakwa upya nakshi za rangi. Zamani uso wote wa kanisa ulikuwa na rangi namna hiyo. Hayakuwa majengo ya kijivu.

Hatua ya 5: Kinu cha kusagia, hata kama muda ni mfupi

Nyuma ya ukuta wa kaskazini kuna kinu cha ngano cha miaka ya 1790. Wengi hawakifiki, na mimi ningekata dakika ishirini za kanisani ili nikifikie. Maji ya mfereji yanajaa kwenye kidimbwi cha mawe, yanadondoka kwa nguvu chini ya sakafu na kupiga gurudumu lililolala, siyo lile la kusimama mnaloliona kwenye picha. Mti wa katikati wa gurudumu unapanda moja kwa moja hadi kwenye jiwe la kusagia lililo juu. Hakuna gia, hakuna mkanda. Gurudumu likizunguka mara moja, jiwe linazunguka mara moja. Askari wa hifadhi au mtu wa kujitolea akiwapo, atawaonyesha kikifanya kazi. Muulizeni mapema kituoni.

Simameni kidogo hapo na uwaambie: maji haya yameletwa kwa mfereji, bila pampu, kwa mteremko tu. Yeyote aliyekulia Kilimanjaro na kuona mifongo ya Wachaga atakuelewa papo hapo, na ndiye atakayekusaidia kuwaelewesha wengine kwenye kituo kinachofuata.

Hatua ya 6: Daraja la maji, halafu Misheni Espada

Kutoka San José endesheni kusini. Kabla ya Espada kuna bustani ndogo ya barabarani yenye daraja la mawe la kuvushia maji. Wenye haraka hulipita, kwa sababu halina mnara wala kengele. Simamisha magari.

Kwenye mto kuna banio la mawe lililojengwa katika miaka ya 1740. Linainua maji kidogo tu, kiasi cha kuyatosheleza yaingie mferejini. Mfereji unakuja mpaka kwenye kijito hiki, na hapa unakutana na shida: kijito kiko chini, mfereji uko juu. Wajenzi wakasimamisha matao mawili ya mawe na kupitisha maji juu ya maji. Yanapita mpaka leo. Wasogeze watu wako karibu, bila kupanda, waone mfereji wenyewe: si mpana, maji ni ya kimya, majani yanaelea taratibu kuelekea mashambani, huku kijito kikipita chini yake na kwenda njia yake. Mafuriko mengi yamelipitia daraja lile na bado limesimama.

Mtandao mzima wa mifereji ya misheni ulifika kama kilomita 24, ukamwagilia karibu hekta 1,400. Waliochimba ni wenyeji asilia, kwa mikono, wakielekezwa na ujuzi ambao Wahispania wenyewe waliurithi kwa Waarabu na Waberiberi waliotawala Andalusia, kusini mwa Hispania. Mzee kutoka Lamu au mgeni wa Oman akiwa kwenye kikundi, mpe nafasi ya kuzungumza juu ya falaji, mifereji ya maji ya Oman.

Espada yenyewe ni ndogo, ya mwisho kusini, na imetulia kuliko zote. Kanisa lake lilikamilika 1756 na lina kengele tatu juu ya uso wake. Angalieni mlango: tao lake limevunjika pembeni kwa namna isiyo ya kawaida. Wengine wanasema mafundi waliyapanga mawe kichwa chini miguu juu, wengine wanasema lilikusudiwa hivyo. Waulize kikundi wanaonaje. Mafundi ujenzi hawakosi jibu. Espada pia ilikuwa na ranchi yake, Rancho de las Cabras, karibu na Floresville, walikofugwa ng'ombe, kondoo na mbuzi. Wenyeji asilia wapanda farasi waliochunga huko ni miongoni mwa wachunga ng'ombe wa kwanza wa Texas.

Tahadhari: barabara za upande huu zina vivuko vya chini vinavyofunikwa na maji mvua ikinyesha. Ukiona maji yamekatiza barabara, geuza gari, hata kama yanaonekana ya kifundo cha mguu. Usijaribu.

Hatua ya 7: Kuleni kabla watu hawajakasirika

Saa sita na nusu isiwapite. Uliza askari wa hifadhi sehemu zinazoruhusiwa kula, kaeni kivulini, na takataka zenu ziondoke na nyinyi.

Hatua ya 8: San Juan, kwa ufupi

Dakika arobaini zinatosha. Kanisa ni jembamba na limepakwa chokaa nyeupe, jambo linalowashangaza watu baada ya mawe ya San José. Mashariki ya ua kuna msingi wa kanisa kubwa zaidi ambalo halikukamilika. Watu wa kulijenga walikuwa wamepungua mno. Mwaka 1999 mabaki ya wenyeji waliokuwa wamefukuliwa na watafiti yalirudishwa na kuzikwa tena hapa na wazao wao. Ndiyo sababu asubuhi uliwaambia si kila kaburi lina msalaba.

Nje ya kuta kuna shamba. Mfereji wa zamani umerudishiwa maji, na hifadhi inashirikiana na Benki ya Chakula ya San Antonio kulima mazao yanayoenda kwa wenye uhitaji. Hapa usieleze mengi. Waache wakulima watembee.

Hatua ya 9: Concepción wakati wa alasiri

Kuna sababu mbili za kuiweka hapa. Kuta zake ni nene, ndani kuna baridi, na kikundi kimeshachoka. Pia uso wa kanisa unatazama magharibi, kwa hiyo picha zenu zitapata mwanga.

Hili kanisa liliwekwa wakfu 1755 na ndilo lililobaki likikaribia zaidi hali yake ya mwanzo. Halikuporomoka kama San José. Mawe yake yalichimbwa palepale. Msiishie kanisani. Ingieni vyumba vya pembeni mtafute michoro ya ukutani. Kwenye dari ya chumba kimoja kuna jua lenye uso wa mtu mwenye masharubu, linatazama chini. Michoro mingine imefifia, hivyo wape macho yao dakika mbili za kuzoea giza. Marufuku kugusa, na mwako wa kamera uzimwe.

Kama mko San Antonio tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, jaribuni kuwa humu jioni. Jua la magharibi hupenya madirishani na kuangukia altareni na katikati ya kanisa chini ya kuba. Watu hujaa, kwa hiyo fikeni mapema sana.

Hatua ya 10: Alamo

Fuata saa iliyo kwenye tiketi. Wanaume wavue kofia ndani ya kanisa, sauti ziwe chini, mizigo mikubwa ibaki. Kumbusha kikundi kwamba misheni hii ilikoma kuwa misheni mwaka 1793, na vita vilikuja miaka zaidi ya arobaini baadaye: wanajeshi wa Mexico waliizingira kuanzia 23 Februari 1836 na kuiteka alfajiri ya 6 Machi.

Swali litakalokuja, na linakuja kila mara, ni hili: watu weusi walikuwapo? Jibu ni ndiyo. Wakati wa Hispania, hesabu za watu za San Antonio ziliorodhesha watu wenye asili ya Afrika. Na ndani ya Alamo alikuwamo Joe, mtumwa wa William Travis, kamanda wa Watexas waliokuwa wakiilinda. Alinusurika, na ushahidi wake ni sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya saa za mwisho mle ndani. Mexico ilikuwa imeshapiga marufuku utumwa 1829; walowezi wengi wa Texas waliutaka. Usiiache habari hiyo kwa sababu mko mahali pa heshima.

Maswali ambayo utaulizwa na unapaswa kuwa na jibu

*Hii ni kama misheni ya Bagamoyo?* Zinafanana kwa kuwa zote zilijenga kijiji pamoja na kanisa. Lakini Bagamoyo ilianza 1868, na wakazi wake wengi wa mwanzo walikuwa watumwa waliokombolewa. Hapa walikusanywa wenyeji wa nchi yenyewe, kwa amri ya mfalme, na askari wakiwa karibu.

*Wahispania waliwahi kufika kwetu?* Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa 1593 na Wareno, wakati ambapo mfalme wa Ureno alikuwa ni huyohuyo Philip II wa Hispania. Kwa watu wa Pwani, hilo peke yake linaifanya San Antonio isiwe ngeni kabisa.

*Ni urithi wa dunia?* Ndiyo. UNESCO iliziorodhesha misheni zote tano, pamoja na ranchi ya Espada, mwaka 2015.

Mambo yakienda kombo

Mmekuta kanisa limefungwa kwa harusi au mazishi. Usibishane na mtu wa mlangoni. Geuza mpangilio: nendeni misheni inayofuata mrudi baada ya saa mbili. Nje pekee pana ya kuona ya kutosha San José na Espada.

Mtu amezidiwa na joto. Dalili ni kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu. Mpeleke ndani ya gari lenye kiyoyozi au kituo cha wageni, mpe maji kidogokidogo, lowesha khanga umfunike shingoni. Akichanganyikiwa au kuzimia, piga 911 mara moja, usingoje.

Wazee hawawezi kutembea sana. Punguza misheni, usipunguze muda. San José na daraja la maji vinatosha kwa siku nzuri. Kituo cha wageni kinaweza kukwambia njia zipi ni tambarare kwa kiti cha magurudumu.

Kiingereza hakipandi. Askari wa hifadhi akieleza, simama pembeni yake, mwombe atue kila baada ya sentensi tatu au nne, nawe utafsiri. Mwambie kabla hajaanza. Ukitafsiri juu ya sauti yake, hamsikiki nyote wawili. Kama Wakongo wa kikundi wanaelewa Kifaransa zaidi, uliza kituoni kama kuna maandishi ya lugha nyingine.

Gari moja limepotea. Hili hutokea kati ya San José na Espada, ambako barabara zinapinda kufuata mto. Kila dereva awe na jina la kituo kinachofuata kwenye simu yake kabla ya kuondoka, na mkubaliane kuwa anayepotea haendi mbele kutafuta. Anarudi kituo cha mwisho mlichokuwa pamoja.

Vitu vimeibiwa garini. Zuia mapema: mikoba na simu zisionekane kwenye viti, vitieni buti kabla ya kufika maegeshoni, siyo mkishafika.

Muda umekwisha na Alamo hamjafika. Iacheni. Iko katikati ya mji, mnaweza kuuona uso wa kanisa kutoka uwanjani hata jioni baada ya chakula, na kuingia ndani kesho yake asubuhi kwa tiketi nyingine. Dakika zilizobaki, zitumieni Concepción.